Baiskeli ya bei nafuu isiyo na gia kwa njia za Dodoma: ninunue ipi, nianze kubadilisha nini?

Mwana wa Nzuguni

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo kabla sijaenda kupigwa. Nataka baiskeli isiyo na gia. Njia ni Nzuguni mpaka Mji wa Serikali Mtumba na kurudi, siku tano kwa wiki, lami nyingi na vumbi kidogo mwanzoni na mwishoni. Mzigo kwenye keria hauzidi kilo 20. Bajeti ni laki mbili na nusu, matengenezo yakiwa humo humo.

Machaguo yamebaki matatu: mtumba wa Kijapani wenye kikapu mbele, Phoenix mpya ya 28 yenye breki za vyuma, au ile ya mlimani ya gia 18, mpya, ambayo kwa bei hazipishani sana. Ipi? Na nikishanunua nianze na kifaa gani?

Upepo wa Kusi

Baiskeli ya mtumba ya kwenda Mtumba. Nimekaa mkao wa kujifunza, ngoja mafundi waje.

Fundi Gololi

Mkuu, kabla ya kuangalia rangi, inama usome ubavu wa tairi. Hapo ndipo watu wanapoumia. Kuambiwa "26" au "28" hakutoshi, maana matairi mawili yanaweza kuitwa 28 yote na yasivalike kwenye rimu moja. Tafuta namba mbili zenye kistari katikati, mfano 40-635. Ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia rimu. Hiyo ya pili ndiyo kitambulisho cha baiskeli yako mpaka siku utakapoiuza.

Za 28 x 1½ zenye breki za vyuma, za Kichina na za Kihindi, ni 635. Za mbio za kisasa, pamoja na zile za mlimani zinazoitwa 29, ni 622. Ya mlimani ya 26 x 1.95 ni 559. Ya Kijapani ya 26 x 1 3/8 ni 590. Umeona hapo: 26 iliyoandikwa kwa nukta na 26 iliyoandikwa kwa sehemu zimepishana milimita 31. Mtu akikwambia "itaingia tu, tuivute", mwachie tairi lake.

Mtego mkubwa ni ya Kijapani ya 27 x 1 3/8. Hiyo ni 609, kipimo cha kwao Japani, na hata tairi la 27 la Kizungu, ambalo ni 630, halikai. Baiskeli yenyewe ni nzuri, ndefu, inamfaa mtu mrefu. Lakini tairi likichanika unaanza kusubiri mtumba mwingine ushushwe ili uvuliwe viatu. Ukienda kwa Kijapani chukua 26. Hiyo 27 ichukue tu kama matairi ni mazima na muuzaji anakupa jozi ya akiba palepale.

Mgogo wa Bahi

Mbukwenyi.

Fundi, maneno yako yanampeleka mleta uzi kwenye ile ya 28 bila wewe kuitaja. Vifaa vyake unavikuta mpaka kwenye magulio: tairi, tyubu, spoku, kotapini (ile pini inayoshika mkono wa pedali kwenye ekseli). Gurudumu la nyuma kwa kawaida lina spoku 40 na la mbele 32, na keria ni chuma kweli. Kilo 20 haizioni.

Ubaya wake ni uzito, maana ikiwa tupu tu inakaribia kilo 20, halafu breki. Breki za vyuma hazibani rimu ubavuni. Fimbo zinavuta mipira juu, inasugua rimu kwa upande wa ndani, ule wa spoku. Rimu ya chuma ikilowa, zile breki ni mapambo. Bahati yetu Dodoma mvua zenyewe ni kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na hata humo si kila siku. Lakini siku ikikunyeshea kwenye barabara ya Morogoro na malori yanapita, anza kubana mapema sana, kidogo kidogo, ili maji yafutike kwenye rimu kabla hujahitaji breki yenyewe.

Na usidanganywe kwamba utachomoa fimbo ufunge breki za waya kwenye rimu ile ile. Rimu ya breki za vyuma ubavu wake umeviringika, hauna pa kushika. Breki za waya zinataka ubavu bapa. Maana yake ni kununua rimu mbili na kusuka magurudumu upya, na ukifika huko umeshaanza kununua baiskeli nyingine kwa vipande.

Mwana wa Nzuguni

Shukrani wakuu. Na ya gia je? Naambiwa nikichukua isiyo na gia nitajuta mlimani.

Cheni Kavu

Mlima gani, kaka? Huko uendako si Ntyuka wala si kupanda Chimwaga. Ni kupanda na kushuka kwa taratibu, na adui wako ni upepo kuliko mwinuko.

Tatizo la gia 18 kwa bei hiyo ni kwamba pesa ile ile imegawanywa kwa vitu vingi: foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya springi, vihamisha gia viwili, nyaya, vitufe vya mkononi. Kila kimoja kimepata shilingi kidogo. Kihamisha gia cha nyuma kinaning'inia nje upande wa kulia. Baiskeli ikianguka upande huo, kibati kinachokishika kinapinda milimita chache tu, na siku utakapoweka gia nyepesi cheni inaingia kwenye spoku. Vumbi letu nalo linakaa kwenye nyaya, gia zinaanza kujihama zenyewe. Na ile foku ya springi inakula nguvu ya miguu kila ukisimama kukanyaga.

Niseme na upande wake. Matairi ya 559 na tyubu zake yapo kila mahali, na rimu zake ni bapa, hivyo breki za waya zinashika vizuri. Kuna wanaoinunua ile ile, wakang'oa gia, wakaacha spidi moja. Inawezekana, ila tazama kwanza pale ekseli ya nyuma inapoingia kwenye fremu. Tundu likiwa limelala, unaweza kuvuta gurudumu nyuma ukakaza cheni. Likiwa limesimama wima huna pa kuvuta, na baiskeli ya spidi moja bila mvuto wa cheni itakuacha njiani. Hapo inabidi kile kihamisha gia cha zamani kibaki kama kikaza cheni, kikiwa kimefungwa mahali pamoja kwa skrubu zake mbili za mipaka. Kinafanya kazi, lakini ndiyo umebaki na kile kile ulichokuwa unakikimbia.

Fundi Gololi

Sasa ukaguzi. Uwe Majengo, uwe Sabasaba, nenda mchana. Beba rula ya sentimita 30 na ushee, sumaku ndogo, kitambaa, spana namba 14 na 15. Muuzaji akikasirikia spana, asante, kwaheri.

Anza na fremu, maana hiyo hairudishiki. Pitisha kidole chini ya bomba linaloshuka kutoka kwenye usukani kwenda kwenye pedali, sentimita tano za mwanzo. Ukisikia mawimbi, au rangi imepasuka kwa kukata bomba, hiyo baiskeli iligonga kitu. Simama ubavuni uangalie foku: miguu yake inatakiwa kufuata mstari wa bomba la usukani kisha ijikunje kwenda mbele. Kama imerudi nyuma, imegonga.

Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole. Ukikuta katikati unakaa wenyewe kama umeingia kwenye mfereji, vikombe vya gololi vya usukani vimeshachimbika. Kwenda utakwenda, ila utayumbayumba ukijaribu kunyoosha.

Zungusha magurudumu ukitazama nafasi kati ya rimu na mpira wa breki. Kuyumba pembeni milimita 2 au 3 kunanyooshwa kwa spoku. Kuruka juu na chini sehemu moja ni rimu iliyopigwa shimo. Usiichukue, spoku hazirudishi chuma kilichobonyea. Kisha shika rimu juu, sukuma kulia na kushoto. Ikigonga ndani, koni (zile nati zinazobana gololi kwenye ekseli) zimelegea au zimelika.

Sumaku: gusisha kwenye rimu. Ikinata ni chuma. Isiponata, uwezekano mkubwa ni aluminiamu, na hiyo ndiyo unayoitaka, kwa breki na kwa uzito.

Cheni: pima kutoka pini ya kwanza mpaka pini ya 25, yaani hatua 24. Cheni mpya ni inchi 12, sawa na sentimita 30.48. Ukipata 30.6 cheni imefika mwisho. Ukipata 30.8, friwili (ile spoketi ya nyuma) nayo imeshaliwa, na ukiweka cheni mpya juu ya friwili ile itakuwa inaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Punguza bei ya vyote viwili kabla hujatoa pesa.

Mwisho weka tairi la mbele ukutani, pedali ikiwa mbele, simama juu yake. Pedali ikizama bila gurudumu kusukuma, meno ya ndani ya friwili hayashiki. Usiende nayo barabarani hata kwa majaribio, maana inakuachia mwili wote juu ya bomba.

Upepo wa Kusi

Niongezee moja lisilo la ufundi. Namba ya fremu huwa imegongwa chini ya ekseli ya pedali au kwenye bomba la siti. Iandikwe kwenye risiti, pamoja na jina na simu ya muuzaji. Za Kijapani huja na kibandiko chao cha usajili wa kule. Kisikutishe, lakini hakichukui nafasi ya risiti ya hapa.

Dada Keria

Naona wote mmeruka kitu ambacho kwenye baiskeli isiyo na gia ndicho kila kitu: meno. Gia ni moja, basi iwe ile inayofaa.

Hesabu ni hii. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya friwili, zidisha kwa mzingo wa tairi. Unapata mita unazokwenda kwa mzunguko mmoja wa pedali. Tairi la 28 x 1½ lina mzingo wa mita 2.2 hivi likiwa na mtu juu. La Kijapani la 26 mita 2.05.

Ya 28 yenye 44 mbele na 18 nyuma inatoa mita 5.4. Ukiweka friwili ya 20 inashuka mpaka 4.8, ya 22 inakuwa 4.4. Ya Kijapani yenye 32 kwa 14 iko kwenye 4.7, na ukiivika 16 inakuwa 4.1.

Sasa chukua mizunguko 70 kwa dakika, mwendo ambao mtu wa kawaida anaushika bila kuhema. Kwenye 5.4 hiyo ni karibu kilomita 23 kwa saa, kwenye 4.8 ni 20, kwenye 4.4 ni 18 na nusu. Tofauti ya kasi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, lakini goti linaijua. Kuanzia Juni mpaka Septemba upepo wetu unatoka upande wa mashariki na kusini-mashariki. Kwa mleta uzi, asubuhi akienda Mtumba unampiga usoni, jioni unamsukuma nyumbani. Meno ya kuchagua ni ya asubuhi, si ya jioni. Akichukua ya 28 aweke 22. Ya Kijapani aiache na 14, na akiona mzigo unazidi aende 16.

Spoku Arobaini

Dada Keria, hesabu yako sina ugomvi nayo, ila 22 kwa njia ile ni kupitiliza. Jioni upepo ukiwa nyuma miguu itazunguka kama feni na makalio yatakuwa yanaruka kwenye siti. Ishirini inatosha.

Halafu kuna jambo la cheni. Ukiongeza meno mawili kwenye friwili bila kugusa cheni, ekseli inasogea mbele milimita 6 hivi, na mara nyingi nafasi hiyo ipo. Ukiongeza manne inasogea karibu milimita 13. Hapo madigadi inaweza kugusa tairi, na mipira ya breki haikai tena mahali pake. Usipotaka hilo, ongeza pingili mbili za cheni, moja ya ndani na moja ya nje, gurudumu linarudi lilipokuwa.

Dada Keria

Milimita 13 nakubali, wala sikuitaja. Lakini mtu mwenye kilo 20 nyuma haendi kwa ajili ya jioni. Tukutane hapo: akiwa na mzigo kila siku 22, akiwa na mzigo mara moja moja 20.

Na wakati yuko kwenye friwili aangalie unene wa meno. Baiskeli isiyo na gia hutumia cheni ya ½ x 1/8, ambayo ndani ina nafasi ya milimita 3.2. Ya gia ni 3/32, ndani milimita 2.4. Cheni nene inakaa kwenye meno membamba bila shida. Kinyume chake inapanda juu ya meno na kukaa huko huko.

Cheni Kavu

Kutoa friwili: usimruhusu mtu aigonge kwa patasi. Kila unapokanyaga inazidi kujikaza, kwa hiyo iliyokaa miaka ni ngumu kweli. Friwili ina mikato miwili au minne usoni. Kuna kifaa chake kinachoingia humo. Kifaa kiingizwe, nati ya ekseli ikishikilie kisiruke, kisha kibanwe kwenye jiliwa na gurudumu lizungushwe kama usukani wa gari, kinyume na saa. Ikishaachia tu, legeza nati kabla hujaendelea. Gurudumu lazima liwe limesukwa na spoku zote. Ukishakata spoku huna tena cha kushika.

Kabla ya kuvika mpya, paka grisi kwenye nyuzi za habu (kitovu cha gurudumu). Huyo atakayeitoa miaka mitatu ijayo pengine ni wewe.

Mwana wa Nzuguni

Nimeegemea ya Kijapani ya 26. Nimekwenda kuangalia, breki ya nyuma imo ndani ya kibakuli kwenye habu, na baiskeli zote za aina hiyo zinalia kama mbuzi ukibana breki. Ni ugonjwa?

Cheni Kavu

Hiyo ni breki ya mkanda. Mkanda unakumbatia gudulia linalozunguka na gurudumu, na uso wa mkanda ukishang'aa unalia. Kulia peke yake si ugonjwa, kushindwa kushika ndiyo ugonjwa. Fungua kile kifuniko, piga msasa mkanda na gudulia mpaka mng'ao uondoke, futa kwa kitambaa kikavu. Usitie mafuta. Kelele zitaisha kweli, na breki nayo itaisha. Fundi akiwa na breki ya sabo (inayobana gudulia kwa ndani) iliyovuliwa kwenye mtumba mwingine, inafungwa kwenye habu ile ile, haina kelele na inashika zaidi.

Lakini kazi kubwa ya kusimama inafanywa na breki ya mbele. Pesa ya breki iende huko: mipira mipya, waya mpya na ganda lake. Mpira uguse rimu peke yake, usiguse tairi hata kidogo, na upande wake wa mbele utangulie kugusa kwa milimita moja, usipige kelele. Waya ukikatwa, ncha ivikwe kofia, la sivyo unachanuka ndani ya wiki.

Mgogo wa Bahi

Sasa tuje kwenye miiba, maana huku kwetu hilo ndilo tatizo la kila wiki. Migunga inaeleweka, mwiba wake unauona. Mbigiri ndiyo mchawi: kipunje kidogo kimelala kwenye vumbi pembeni ya njia, vyovyote kilivyolala ncha moja inatazama juu. Kiangazi kinakauka kinakuwa kama msumari. Kinga ya kwanza ni ya bure: ukitoka lami usikate kwenye majani, fuata pale matairi ya magari yalipopita.

Kinga ya pili ni kuvika tairi ndani ya tairi. Chukua tairi kuukuu jembamba, kata zile kingo zenye waya, bakiza kile kipande cha katikati. Chonga kingo zake kwa wembe ziwe nyembamba kabisa, zisikate tyubu. Ncha zipishane sentimita 3, nazo uzichonge. Pakaza poda ya watoto kisha laza kati ya tairi na tyubu. Utalipa kwa uzito, baiskeli inakuwa nzito kidogo kuviringika. Usipotaka uzito huo, pasua tyubu kuukuu kwa urefu uitumie badala yake. Inazuia mbigiri nyingi, mwiba mrefu wa mgunga hauzuii.

Ukipata pancha, usizibe tu ukafunga. Pitisha kitambaa ndani ya tairi zima. Pale kitakaponasa ndipo mwiba ulipo. Nusu ya watu wanaosema "kiraka hakikushika" kiraka chao ni kizima, ni mwiba ule ule umetoboa pembeni yake.

Na kwa Kijapani yenye kasha la cheni: gurudumu la nyuma usilitoe kwa pancha. Laza baiskeli, toa ubavu mmoja wa tairi, vuta tyubu kipande kile tu, ziba, rudisha. Kulitoa gurudumu ni kufungua breki, stendi, keria, madigadi na cheni, saa nzima kwa tundu la sindano.

Fundi Gololi

Kabla hata ya kutafuta tundu, tazama valvu. Hizi za Kijapani, na za 28 nyingi, zina valvu ya kimpira: ukifungua kile kinati cha juu unachomoa kijiti cha chuma, na juu yake kumevikwa kimpira chembamba kama mrija. Pampu inasukuma hewa, kimpira kinatanuka, hewa inaingia. Ukiacha kinabana tundu. Joto la hapa linakikausha. Kikipasuka upepo unatoka taratibu usiku kucha, asubuhi tairi limelala, na mtu anaanza kutafuta pancha isiyokuwepo. Lowesha kidole kwa mate, weka juu ya valvu. Povu likitokea, badilisha kimpira, chenye urefu wa sentimita 2 hivi. Kivike mpaka kipite kile kitundu cha pembeni. Nunua vitano uweke kwenye mfuko wa siti, ni vya bei ya karanga.

Kwa sababu hiyo hiyo usitie dawa ya maji ya kuzuia pancha kwenye valvu hizi. Inagandisha kimpira, na utashindwa kujaza upepo.

Upepo wenyewe: soma kiwango cha juu kwenye ubavu wa tairi. Ya Kijapani ya 26 kwa kawaida ni kama kilopaskali 300, yaani pauni 43 hivi. Nyuma, penye mzigo, kikaribie kiwango hicho. Mbele punguza kidogo. Tairi laini kwenye kingo za lami linabana tyubu na rimu, unapata matundu mawili sambamba. Hayo si mwiba, ni uvivu wa pampu.

Mwana wa Nzuguni

Nimenunua. 26, rimu aluminiamu, cheni 30.6, fremu safi, risiti ina namba. Imebaki 75,000. Nianzie wapi?

Spoku Arobaini

Anza na vitu visivyoonekana. Habu mbili, ekseli ya pedali na usukani zifunguliwe, zioshwe kwa mafuta ya taa, zikaushwe, ziwekwe gololi mpya na grisi ya beringi za gari. Hesabu ya gololi kwa kila upande: habu ya mbele 10 za inchi 3/16, habu ya nyuma 9 za inchi ¼, ekseli ya pedali 11 za inchi ¼. Zikiwa kwenye kishikizo idadi inapungua, fuata ilivyokuwa. Usichanganye mpya na kuukuu upande mmoja. Zile mpya ni kubwa kwa nywele tu, lakini ndizo zitakazobeba uzito wote peke yake na kuchimba koni. Koni ikiwa na vishimo, badilisha, grisi haizibi shimo.

Kukaza koni ndiko kunakoharibiwa zaidi. Kaza mpaka mchezo uishe, rudisha kidogo, kisha funga nati ya kulinda huku koni umeishikilia kwa spana bapa. Ukimaliza inua gurudumu: ile valvu, kwa uzito wake tu, inatakiwa kulizungusha mpaka yenyewe ifike chini.

Hapo hapo spoku. Zibane mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu lote. Spoku inakatika kwa kulegea, si kwa kukazwa: iliyolegea inapinda na kunyooka pale shingoni kila mzunguko mpaka chuma kichoke. Ikikatika moja usikaze majirani zake ukaondoka. Weka nyingine siku hiyo hiyo.

Fundi Gololi

Kisha cheni mpya, kwa 30.6 yako friwili bado ina uhai. Ukiifunga, zungusha pedali polepole utafute pale cheni inapokaza zaidi, maana spoketi ya mbele haijawahi kuwa duara kamili. Hapo katikati ya cheni pawe na mchezo wa sentimita 1 mpaka 1 na nusu, juu na chini kwa jumla. Ukipimia pale palipolegea, upande mwingine inakaza mpaka beringi zinalia.

Mafuta: tone moja kwa kila pingili, zungusha, subiri, halafu futa nje kabisa mpaka kitambaa kitoke kikavu. Mafuta yanafanya kazi ndani. Yaliyobaki nje yanakusanya mchanga wa Dodoma na kuwa msasa. Oili chafu ya gereji achia nguzo za uzio. Ndani ya friwili tia oili nyepesi tu, grisi inanatisha visukumio vyake.

Baki ya pesa iende kwenye mipira ya breki ya mbele na tairi la nyuma. Siti mwisho. Kiwango cha siti ni bure: kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke.

Na mikono ya pedali ya Kijapani, ile ya tundu la mraba: baada ya wiki ya kwanza ikaze tena kwa boksi namba 14. Ukitembea nayo ikiwa imelegea hata siku mbili, chuma cha ekseli kinakula mraba wa aluminiamu na mkono umekwisha.

Msafiri wa Chamwino

Nidandie uzi huu. Ya 28 yenye breki za vyuma: "tak" moja kila mzunguko wa pedali, mguu wa kushoto, hasa kwenye kupanda. Gololi za ekseli ni mpya.

Spoku Arobaini

Kotapini. Shika mikono yote miwili ya pedali, isukume kinyume. Mmoja ukisogea hata kidogo, umeipata.

Ichomoe bila kuharibu ekseli: legeza nati mpaka iwe sawa na ncha ya pini, chini ya mkono weka bomba la chuma linalofika sakafuni, pini ikiwa imetazama juu, kisha piga nyundo moja nzito, si kumi nyepesi. Bila bomba, kila pigo linaingia kwenye gololi zako mpya. Pini mpya ipigwe tupa ule ubapa wake mpaka uguse ekseli uso mzima. Paka rangi au moshi wa mshumaa uone panapogusa. Ya kushoto na ya kulia ziingie kwa kupishana, moja juu moja chini, la sivyo mikono haitakaa mstari mmoja. Igonge mpaka sauti ibadilike iwe ngumu, halafu ndipo nati. Ukiivuta pini kwa nati badala ya nyundo, unachuna nyuzi na unarudi dukani.

Msafiri wa Chamwino

Shukrani mzee. Kipenyo?

Spoku Arobaini

Za 28 nyingi ni milimita 9.5. Ila nenda na ile ya zamani mkononi.